Kwa Nini Nililifunga Daraja la Sorrel

S.L.P. 41,
Skelly Creek,
British Columbia, Kanada.

3 Machi 2019

Mpendwa kaka Arne,

Salamu nyingi kutoka huku milimani. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi Colleen, na kwamba mgongo wake umetulia tangu aanze yale mazoezi ya kuogelea. Nadhani huko Tasmania bado mnavaa kaptula na kulalamikia joto. Sisi huku tumezikwa. Theluji imefika chini ya dirisha la jikoni, na jana ilinibidi nipande juu ya paa la banda na sepetu, maana paa la jirani Ferris lilielemewa Jumanne likaangukia gari lake. Hakuumia mtu, ila gari limebaki bapa kama sahani, na Ferris anawaonyesha wapita njia kwa fahari utadhani alilitengeneza mwenyewe.

Mama hajambo. Goti linamsumbua baridi ikizidi, lakini anakula, anagomba, na kila jioni ananishinda karata. Yeye ndiye aliyeniambia nikuandikie badala ya kupiga simu. "Kwenye simu nyinyi wawili mnabweka tu," alisema. "Kaa chini umweleze kaka yako mwanzo mpaka mwisho."

Na kweli tulibweka. Uliponipigia Jumatatu ile uliniambia nimemfukuzia mwanao mtoni, kisha ukakata simu. Sikukasirika, kaka. Ningekuwa mimi ndiye baba yake, tena niko upande wa pili wa dunia, ningesema mabaya zaidi. Lakini nimelala na neno lako na kuamka nalo karibu wiki mbili sasa, na nimeona heri ulijibiwe kwa utulivu.

Kwanza Britta mwenyewe. Mtulinga wa kushoto umevunjika, na mbavu mbili. Daktari anasema vinaunga vizuri. Anapokwambia haumwi usimwamini. Akicheka anashika ubavu na kututukana sote tuliomchekesha. Analala kwenye kile chumba chako cha zamani, na Mama anampelekea supu mara tatu kwa siku, atake asitake.

Sasa nirudi nyuma, Januari, maana mambo yalianzia huko.

Mwezi uliingia na jua. Siku tisa mfululizo hapakuwa na wingu, baridi ikishuka hadi nyuzi ishirini na tano chini ya sifuri, na juu ya theluji yakaota yale manyoya ya barafu, marefu kama kidole, yanayometameta asubuhi. Wageni waliyapiga picha. Mimi sikuyafurahia. Unayajua mwenyewe. Yakifunikwa kabla upepo au jua halijayavunja, ni sawa na kutandika godoro zito juu ya vikombe vya glasi. Tarehe ishirini na mbili theluji ikaanza kuanguka, ikaanguka siku tano, na upepo ukaisomba theluji ya upande wa pili wa mlima ukaja kuirundika kwenye bonde la Hatton, lile bakuli la mteremko kule juu mlimani. Godoro likapita unene wa mita moja, na vikombe viko chini yake.

Huu ni msimu wangu wa nne kuendesha mtambo wa kusawazisha njia wa klabu yetu ya pikipiki za theluji. Ijumaa kabla ya wikendi ya Siku ya Familia, ile sikukuu ya Februari, nilichimba shimo kwenye kimteremko kisicho na madhara, kinachotazama upande uleule wa Hatton. Nikachonga nguzo ya theluji, nikalaza sepetu juu yake, nikaanza kugonga kwa kiganja: mara kumi kwa nguvu ya kifundo cha mkono, kisha kwa nguvu ya kiwiko. Pigo la tatu la kiwiko, nguzo nzima ikachomoka ikaja mapajani mwangu kama droo ya kabati. Nilipoangalia ilipochomokea, yale manyoya yalikuwa bado yamesimama, hata moja halijalala. Taarifa ya maporomoko ya theluji ya siku hiyo nayo ilisema Hatari Kubwa. Sikuwa na haja ya kuambiwa mara ya tatu.

Nikaenda kwa Russ Pelletier, mwenye hoteli, ambaye tangu mwaka juzi ndiye mwenyekiti wetu wa klabu. Nikamkuta anapanga viti.

"Lorna," akasema, "mteremko ule umesimama wiki tatu. Ulikuwa unakusubiri wewe uje na sepetu?"

"Unamsubiri mtu wa kuukanyaga."

"Basi bandika tangazo. Wanaokuja ni watu wazima, watasoma."

"Walisoma lini?"

Akacheka, akaendelea na viti vyake. Russ si mtu mbaya, na sitaki umfikirie hivyo. Hoteli ikijaa wikendi moja kama ile, ndipo watu wanane wa mji huu wanapopata kazi hadi kiangazi. Lakini mimi, kaka, nimesimama kwenye mstari wa watafutaji mara tatu maishani, nikichomachoma theluji kwa ufito, na mara zote tatu tulichokitoa ni maiti.

Sheria ya klabu inasema mwendesha mtambo anaruhusiwa kuifunga njia "pakiwa na kizuizi". Walioiandika walikuwa wakifikiria miti iliyoanguka. Haikutaja kizuizi gani. Basi Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi nikaupeleka mtambo hadi daraja la Sorrel, ambapo njia kuu ya kwenda Hatton inavuka mto, nikaukingamisha kwenye mdomo wa daraja, nikazima injini, nikapanda juu ya mnyororo wake mpana wa kutembelea na themosi yangu ya kahawa. Kizuizi nikawa mimi.

Kufika saa nne walikuwa wamerundikana watu zaidi ya thelathini na pikipiki zao za theluji, moshi na kelele tupu. Wengi walikuwa wa kutoka jimbo jirani la Alberta. Mkubwa wao wa maneno alikuwa Vern Stadnyk, jitu kama friji, kofia ya kijani, sauti ya kuuzia mnadani.

"We bibi! Tumeendesha gari kutwa nzima jana ili tuje kutazama mtambo wako?"

"Utazame vizuri, hautozi kiingilio."

"Amepaki vibaya huyu," akadakia mwingine. "Mwiteni mwalimu wa udereva!"

Wakaangua kicheko. Nikawaambia, "Mimi na mtambo tuna tani nane. Anayejiona mwanaume asukume." Wakacheka tena, safari hii pamoja nami, na Vern akasema kama ni hivyo angalau nimgawie kahawa. Nikamgawia. Lakini si wote waliocheka. Kuna aliyenitemea mate karibu na kiatu, na kuna mtu wa hapahapa mjini, jina sitalitaja maana Mama anasali kanisa moja na mama yake, aliyeniambia nimechanganyikiwa na upweke tangu niachwe. Hilo liliniuma. Nikakaza uso, nikabaki juu ya mnyororo.

Britta alifika pamoja na Darcy Wozniak, yule anayefanya naye kazi kwenye karakana. Akazima pikipiki yake, akanisogelea, akaongea kwa sauti ya chini ili wengine wasisikie.

"Shangazi, unaniaibisha. Mji mzima unakuongelea."

"Waongee. Umevaa kifaa chako cha mlio?"

"Nimevaa. Kwani nina miaka mitano?"

"Basi rudi nyumbani ukale mikate ya bibi yako."

Akasema, "Haya, nageuka." Na akageuka kweli. Nilimwona kwa macho yangu akishuka njiani kuelekea mjini, Darcy nyuma yake, nikashukuru moyoni. Sikuona walipopindia. Walifuata ukingo wa mto kama kilomita moja, wakavuka juu ya barafu, wakaingia msituni ng'ambo kwenda kwenye kile kibanda cha zamani cha wapasua mbao, palepale chini ya korongo la Hatton. Hakuwa na nia ya kupanda mteremko hata hatua moja. Alitaka tu kumwonyesha Darcy kibanda ambamo wewe na Baba mlikuwa mkilala mkienda kuwinda.

Saa tano na dakika ishirini nilisikia mlio. Haukuwa mkubwa. Ulikuwa mzito, kama mtu kafunga mlango wa ghala mbali. Nikainua macho nikaona ufa ukikimbia juu ya Hatton, kutoka ukingo hadi ukingo, kisha bonde lote likaanza kutembea. Wingu jeupe likapanda likafunika miti. Pale darajani watu wakapiga mayowe, wengine wakatoa simu kupiga picha.

Nitakwambia jambo ambalo sijamwambia hata Mama. Kitu cha kwanza nilichokihisi kilikuwa furaha. Nilijisemea moyoni: wameona sasa. Nafikiri furaha hiyo ilidumu sekunde kumi. Kisha redio yangu ikakoroma, na sauti ya Darcy ikatoka, nyembamba kama ya mtoto: "Britta yuko chini! Yuko chini, simwoni! Kibandani! Tusaidieni!"

Nikaruka kwenye kiti nikawasha injini. Haikuwaka.

Ilikuwa nyuzi kumi na nane chini ya sifuri, na nilikuwa nimeizima tangu alfajiri. Iliguna mara moja ikanyamaza. Dizeli iliyopoa hailazimishwi, lazima usubiri taa ya kupasha injini izimike ndipo ujaribu tena, nami nikakaa nikiitazama taa ile ya njano huku mwanao akiwa chini ya theluji na mtambo wangu umeziba daraja. Vern alijaribu kupenyeza pikipiki yake kati ya mnyororo na ukingo wa daraja, ikakwama. Mara ya pili injini ikashika. Nikarudi nyuma kwa nguvu hadi nikagonga mti.

Nimepima baadaye kwa saa. Dakika moja na nusu zilipotea.

"Panda, bibi!" Vern akapaza sauti, nikarukia nyuma yake. Tukaondoka watano. Wengine niliwaambia wabaki, wawili watazame juu kama kuna poromoko jingine, mmoja aite helikopta. Walitii wote, hata aliyenitemea mate.

Tulimkuta Darcy akikimbia huku na huku juu ya mabonge ya theluji kama kuku, kifaa chake mkononi kikilia ovyo. Kilikuwa bado kinatuma mlio wake badala ya kupokea wa aliyefukiwa. Alikuwa akijitafuta mwenyewe.

"Kiweke kwenye kupokea!" nikampigia kelele. "Wote, wekeni kwenye kupokea! Kisha kimya!"

Pakawa kimya, nikasikia mlio mmoja tu, wa Britta. Namba zikaanza kushuka kwenye kioo changu: thelathini na nane. Ishirini na mbili. Tisa. Nikapiga magoti nikawa nakitambaza kifaa juu ya theluji: mbili nukta moja, moja nukta nne, ikaanza kupanda, nikarudi. Nikafungua ufito nikachoma. Mara ya kwanza, mti. Mara ya pili, hakuna kitu. Mara ya tatu ufito ukagota kwenye kitu kinachobonyea kidogo, na mikono yangu ikajua.

"Hapa! Chimbeni kutokea chini, msimame chini yake!"

Kaka, sijaona mtu akichimba kama Vern Stadnyk. Theluji iliyoporomoka huganda kama saruji, wewe unajua, lakini yule mtu aliikata vipande vya ukubwa wa sanduku na kuvirusha nyuma bila kuinua kichwa, nasi wengine tukiviondoa. Tukafikia glavu. Tukafikia kofia. Nikaichimbua kwa vidole hadi usoni. Alikuwa rangi ya majivu, mdomo umejaa theluji, hapumui. Nikamtoa theluji mdomoni, nikampulizia. Mara moja. Mara mbili. Nilikuwa naanza mara ya nne alipokohoa usoni kwangu.

Jumla dakika kumi na sita.

Alipofumbua macho alisema, "Hatukupanda, shangazi. Tulikuwa chini tu."

Ndiyo hivyo. Walikuwa chini tu, wameegesha, Darcy amekwenda mbele kuangalia mlango wa kibanda. Tabaka bovu likishakuwa bovu halihitaji ulikanyage juu. Uzito wa pikipiki mbili kule chini ulitosha kulivunja, na kuvunjika kukapanda mlima kama moto kwenye majani makavu. Nilipogeuka kumtafuta Vern nilimkuta ameketi kwenye theluji, amevua kofia, analia kwa sauti kama aliyefiwa. Nikamwendea, tukakumbatiana, mimi na mtu aliyeniita bibi wa mtambo.

Alhamisi iliyofuata klabu ikaitisha mkutano. Russ akasimama na kusema lile ulilolisema wewe: kwamba ningeliacha daraja wazi, watoto wale wangepita njia kuu na wasingefika kibandani. Watu wengine wakaitikia kwa vichwa. Nikaomba kusema.

Nikawaambia kwamba siku ya pili baada ya poromoko nilikwenda hadi pale kwenye njia kuu tunapoegesha sote na kula chakula cha mchana. Nilichoma ufito wa mita tatu kwenye theluji iliyoporomokea pale, haukugusa chini. Saa tano na dakika ishirini, wikendi kama ile, kungekuwa na watu wangapi pale? Hesabuni wenyewe. Halafu nikawaambia kosa langu. Anayeziba njia ya kwenda mlimani ameziba pia njia ya msaada, na mimi nilizima injini. Tena sikumweka mtu mtoni, ingawa nimekulia hapa na najua kila mtu wa hapa anajua kivuko kile. Hayo mawili ni yangu, sina wa kumsingizia.

Kisha Britta, ambaye nilikuwa nimemwambia abaki kitandani, akasimama nyuma na mkono wake umefungwa shingoni.

"Hakuna aliyenifukuza," akasema. "Nilikuwa na macho, nikaona daraja limefungwa, na nilijua kwa nini. Nilidhani najua zaidi. Basi." Akaketi, akashika mbavu.

Tukapiga kura. Kumi na tisa kwa kumi na nne, bonde la Hatton limefungwa hadi tabaka lile litakapoungana au kuporomoka lote, na mwenye kuamua ni atakayekuwa amechimba shimo siku hiyo. Russ bado ni mwenyekiti. Hanisalimii, lakini jana alimtuma mtu wa jikoni kwake aniletee chungu cha mchuzi wa nyama ya kulungu pale darajani, bila maneno. Nikaula wote.

Kuhusu tikiti ya ndege uliyomtumia Britta. Ninajua kwa nini umeituma, na sikulaumu. Hajaikataa wala hajaikubali. Alichokifanya ni kujiandikisha mafunzo ya wiki mbili ya kusoma theluji na kuokoa watu, yanaanza mwisho wa mwezi huu, mkono ukiwa bado shingoni. Nimemgombeza na hakunisikiliza, jambo ambalo amelirithi kwako. Nakuomba jambo moja tu, kaka: mpigie, usimwamuru. Mwulize anataka nini, halafu unyamaze mpaka amalize. Akisema anakuja kwako, nitamfungia mizigo kwa mikono yangu na kumfikisha uwanja wa ndege.

Mimi kesho alfajiri nakwenda darajani tena. Theluji nyingine imeanguka Ijumaa, na upande wa mashariki wa Hatton haujaporomoka bado. Unaning'inia pale kama deni la mtu mwingine. Sasa tuko watatu wa zamu, mmoja mtoni, na mtambo unanguruma muda wote. Wataniita watakavyoniita. Ukitaka kunilaumu kwa ajili ya injini, nilaumu, nitapokea, na nitakuwa najilaumu bado wewe utakapokuwa umeshasahau. Ukitaka kunilaumu kwa mtoni, nilaumu pia. Lakini kwa kulifunga daraja, hapana. Hilo silitolei samahani kwako wala kwa yeyote, na kukicha nitalifunga.

Mama anakusalimu na anasema ule vizuri na uache kuvuta sigara, anajua umerudia. Britta anawasalimu wewe na mama yake. Ferris anauliza kama unahitaji gari bapa. Nisalimie wifi Colleen sana, na shemeji yangu Hamish na wanawe.

Mungu akulinde huko uliko, akupe usingizi, na atukutanishe mezani kwa Mama tukiwa bado na sauti ya kugombana.

Ni mimi dadako, nikupendaye hata unaponikatia simu,

Lorna